Joho Halifichi Dhamiri

Katika baraza za Kengeja, kusini mwa kisiwa cha Pemba, wakili ana sifa moja kubwa, nayo si njema: ni mtu anayelipwa aseme uongo kwa ufasaha. Sifa hiyo haikuzuka Pemba peke yake, wala si ya jana. Ama huko mijini, wanakokutana mawakili wenyewe, limezuka somo jipya linalodhaniwa kuwa ndilo jibu la lawama hizo. Mawakili hukusanywa ukumbini, asubuhi wakasomeshwa maadili ya kazi, na alasiri wakasomeshwa ustawi wa nafsi: walale vya kutosha, wafanye mazoezi, wapunguze sigara, wajue kupumzika. Somo la asubuhi na la alasiri hufundishwa kana kwamba anayefunzwa ni watu wawili. Hapo ndipo penye kosa, na kosa hilo ndilo linalopingwa hapa. Maadili ya wakili na uzima wa nafsi yake ni jambo moja, na mwenye kuvitenga huviharibu vyote viwili.

Kwanza itazamwe kazi yenyewe ilivyo mashambani. Kesi za watu wa Kengeja, kama za vijiji vingine vya Wilaya ya Mkoani, aghalabu hazihusu makampuni wala mikataba ya mamilioni. Ni za mirathi, talaka, matunzo ya watoto, mpaka wa shamba, na mikarafuu. Katika ardhi peke yake mna tarehe nzima ya visiwa hivi. Baada ya Mapinduzi ya 1964 Serikali ilitaifisha ardhi, ikawagawia wananchi mashamba ya eka tatu tatu. Waliogawiwa wengi wao wamekwisha kufariki. Watoto na wajukuu ndio wanaogombania kilichobaki, mmoja akiwa na karatasi mkononi na mwengine akiwa na kumbukumbu za wazee tu. Mdai na mdaiwa huwa ni ndugu: babu yao mmoja, msikiti wao mmoja, na kiunga watakachozikwa ni kimoja.

Wakili wa mji mkubwa aweza kumshinda mtu mahakamani, kisha asimwone tena maisha yake. Wakili wa Pemba hana nafasi hiyo. Mjane aliyepokonywa shamba kwa hila ya tarehe iliyopita, au kwa shahidi aliyefundishwa la kusema usiku wa kuamkia kesi, wakili huyo atakutana naye gatini Mkoani akisubiri boti. Mwanawe atasimama naye safu moja siku ya Ijumaa. Na msiba ukitokea watapeana mikono matangani. Kumwambia mtu huyo kwamba dhamiri na aivue pamoja na joho, aitundike msumarini, kisha aende nyumbani akalale, ni kumwambia jambo ambalo kisiwa chenyewe hakitomruhusu.

Wapo wanaoitetea kauli hiyo kwa hoja. Husema: wakili ni kinywa cha mteja wake, kuhukumu ni kazi ya hakimu, na wakili akianza kupima nani mwema na nani mwovu kabla ya kesi kusikilizwa, wanyonge na wanaochukiwa watakosa wa kuwasemea. Hoja hii ina nusu ya haki, na nusu hiyo isidharauliwe, kwani Zanzibar imewahi kuishi bila ya utetezi mahakamani. Mahakama za Wananchi, zilizoundwa kwa sheria ya mwaka 1969, hazikuwapa mawakili nafasi ya kumtetea mshitakiwa. Katika kesi ya uhaini iliyofuatia kuuawa kwa Rais Abeid Amani Karume, tarehe 7 Aprili 1972, Mwanasheria Mkuu Wolfango Dourado ndiye aliyeongoza mashitaka, na ndiye huyo huyo aliyetakiwa asimame upande wa washitakiwa. Mtu mmoja alipewa ndimi mbili zinazopingana katika kesi moja, na mwaka 1974 watu zaidi ya 30 walihukumiwa kifo. Utaratibu huo ulikuja kuondolewa baada ya Katiba ya Zanzibar ya 1984. Basi yeyote anayecheka barazani na kusema kwamba kijiji hakina haja na mawakili, na akumbuke miaka hiyo.

Lakini nusu ya pili ya hoja ni batili. Kumtetea mtu, hata aliyetenda kosa, maana yake ni kuulazimisha upande wa pili uthibitishe unachodai, kuhakikisha kwamba ushahidi umepatikana kwa njia ya sheria, na kumwombea mkosa adhabu isiyopita kiasi. Hakuna katika hayo linalomtaka wakili aseme uongo. Kumfundisha shahidi maneno asiyoyaona, kuficha hati, kuahirisha kesi mara kumi hadi mjane aishiwe na nauli ya kwendea Chake Chake, hayo hayamo katika utetezi, na kuyaita utetezi ni kulitukana neno lenyewe. Mawakili wengi wanaijua tofauti hiyo. Wanachokikwepa ni gharama ya kuifuata.

Watu wa Kengeja hawakungoja semina ili waijue. Imo katika mafunzo waliyokulia nayo chuoni. Hadithi mashuhuri ya Mtume, iliyopokewa na Bukhari na Muslim, inaeleza kwamba wagombanao huenda mmoja wao akawa fasaha zaidi kuliko mwenziwe katika kuitoa hoja yake, na akahukumiwa kwa kadiri ya yale yaliyosikiwa. Ila aliyepewa kwa njia hiyo haki ya nduguye, amekatiwa kipande cha moto. Jambo la kuzingatiwa hapo ni kwamba hukumu ya hakimu haimsafishi aliyeshinda. Huyo mwenye ulimi mfasaha anayetajwa, leo amekuwa na kazi, ofisi na leseni. Katika fiqhi uwakala ni amana, na amana haiwi halali ya kutumiliwa vibaya kwa sababu tu mwenye kuitoa ameridhia na amelipa.

Ama wale wasemao kwamba maadili ya namna hii ni ya waalimu wa madrasa, na kwamba katika kazi halisi hayatekelezeki, wao nao wautazame mwaka 2014. Othman Masoud Othman, mzaliwa wa Pemba, alikuwa Mwanasheria Mkuu wa Zanzibar. Bunge Maalum la Katiba lilipokuwa Dodoma likipigia kura rasimu ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano, yeye alipiga kura ya wazi ya kuvikataa baadhi ya vifungu. Mwezi ule ule wa Oktoba aliondolewa katika wadhifa wake. Waliomlaumu walisema kwamba mwanasheria wa Serikali hana rai mbali na ya Serikali. Yafaa waulizwe: kama ni hivyo, Serikali inamlipa kwa kitu gani? Mshauri asiyeweza kusema hapana, ndiyo yake haina thamani hata kwa anayeipokea. Mtu aweza kuipinga rai ya Othman Masoud kuhusu Muungano tangu mwanzo hadi mwisho, na bado akakubali kwamba siku ile mwanasheria mmoja alikataa kupewa ndimi mbili. Baina ya kesi ya miaka ya sabini na kura ya 2014 umo mtihani mzima wa kazi hii.

Sasa ije khabari ya maradhi. Mwaka 2016 ulichapishwa Marekani uchunguzi uliowahusisha mawakili karibu 13,000. Ilionekana kwamba asilimia 28 kati yao walikuwa na dalili za sonona, asilimia 19 za wasiwasi uliopindukia, na zaidi ya mmoja katika kila watano wakinywa pombe kwa kiasi cha kudhuru. Huko ni kwenye maofisi ya fahari na mishahara minono. Wengi walipozisoma takwimu hizo walikimbilia kuzungumzia saa za kazi. Saa ni kweli zinachosha. Lakini mkulima wa Kengeja naye huchuma karafuu tangu alfajiri hadi magharibi, akapanua majamvi, akachambua usiku, na hatuambiwi kwamba kazi hiyo humwondolea heshima ya nafsi yake. Kuna uchovu unaoondoka kwa usingizi, na kuna ule unaouondoa usingizi wenyewe. Huu wa pili humpata mtu aliyetumia mchana kutwa akijenga jambo ambalo moyoni anajua ni la kubomoa. Kumpa mtu huyo ushauri wa mazoezi na mapumziko ni kumpaka dawa ya ngozi mwenye donda la tumbo.

Wala isisahauliwe kwamba liko jeraha ambalo si la kujitakia. Tundu Lissu, aliyekuwa Rais wa Chama cha Wanasheria wa Tanganyika, alimiminiwa risasi Dodoma tarehe 7 Septemba 2017. Jamii inayowadai mawakili ujasiri wa kusema kweli inadaiwa nayo kuwalinda wanapoisema. Haki haiwezi kuwa upande mmoja tu.

Hoja ya mwisho ya wapinzani ni ya njaa. Kijana aliyetoka chuo kikuu ana kodi ya chumba, ana wazee wanaomtazama, na mteja mwenye fedha amekaa mbele yake na kesi chafu. Huambiwa: mtumikie kafiri upate mradi wako. Methali hiyo imetumiwa vibaya kwa muda mrefu. Anayemtumikia kafiri kwa mradi wake hutoka na mradi. Wakili aliyezoea kesi chafu hutoka amekuwa yeye ndiye mradi wa wengine. Jina lake huenea. Wenye haki humkimbia, wenye hila humfuata, na ifikapo miaka kumi hana tena mteja ambaye angependa kuonekana naye. Kisiwa ni kidogo, na khabari hufika kabla ya boti.

Wasomaji wa mashairi wana njia nyepesi ya kulifahamu jambo hili. Pemba ndiyo iliyowalea Kamange na Sarahani, malenga wa karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20, na kujibizana kwa mashairi ni fani iliyokomaa visiwani humu na pwani nzima. Kujibizana huko ni ugomvi, tena mkali. Lakini ni ugomvi wenye sharti. Anayejibu huchukua bahari aliyoanzishiwa na huchunga vina na mizani. Akimsingizia mwenziwe neno asilolisema, hadhira inayolijua shairi la kwanza kwa moyo humcheka, na kushindwa kwake huwa kumekwisha. Ndivyo inavyopaswa kuwa hoja ya mahakamani: kali, yenye ufundi, na iliyofungwa na kauli ya kweli ya upande wa pili. Haikuwa ajabu kwamba Sheikh Kaluta Amri Abedi, aliyewaandikia Waswahili kitabu cha sheria za kutunga mashairi, ndiye aliyekuja kuwa Waziri wa Sheria wa Tanganyika mwaka 1963. Aliyezoea kwamba uhuru wa kusema unakaa ndani ya mizani, haoni taabu kuufahamu ufasaha wenye mipaka.

Nini basi kifanywe? Wakili amwambie mteja siku ya kwanza, kabla ya kupokea hata shilingi, udhaifu wa kesi yake ulipo. Malipo yaandikwe na yasomwe kwa sauti, ili mtu wa shamba asije akauza karafuu za msimu mzima kwa kesi ambayo ingemalizwa na sheha na wazee kwa siku mbili. Kesi asiyoweza kuiendesha bila ya uongo aikatae waziwazi, na wenzake wasiikimbilie kama kunguru. Vyama vya wanasheria viwape nafasi ya siri vijana wanaolemewa, waseme bila ya kuitwa dhaifu, kwani mganga hajigangi. Na wasaidizi wa sheria wa shehia waimarishwe. Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar, kilichoasisiwa mwaka 1992 kwa juhudi za Profesa Haroub Othman, kimeonesha kwamba elimu ya sheria yaweza kumfikia mtu kijijini kwake bila ya kumfilisi.

Hayo yote yana gharama, na gharama yake ya kwanza ni fedha itakayokosekana. Hilo halina haja ya kufichwa. Lakini mwanasheria atakayeilipa ataweza kushuka Kengeja mchana, akapita mbele ya baraza, akamsalimu aliyemshinda na aliyemtetea kwa sauti ile ile, na akaitikiwa.