Mkoba na Mlango Ulioachwa Wazi

Wazee husema kwamba asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Lakini iko hadithi fupi ambayo ndani yake ulimwengu wamfunza kijana kwa mkono wa mama asiyemzaa. Yaitwa "Thank You, M'am", yaani "Asante, Mama", nayo ilitungwa na Langston Hughes, mshairi mashuhuri wa watu weusi wa Marekani, ikachapishwa mwaka 1958.

Mambo yake ni machache. Saa tano ya usiku Bibi Luella Bates Washington Jones apita njiani peke yake. Kijana mmoja, Roger, apataye miaka 14 au 15, amvizia kwa nyuma na kuukamata mkoba wake. Ukanda wakatika, kijana aanguka chali. Bibi ampiga teke, amwinua kwa shati lake na kumtikisa sana. Kisha, badala ya kumpeleka kwa polisi, amburura mpaka chumbani kwake, amwamuru anawe uso, ampa chakula, na mwishowe ampa dola 10 akanunue viatu vya buluu alivyovitamani hata akataka kuiba.

Asomaye upesi atasema kwamba huko ni kumlipa mwivi kwa wizi wake. Sivyo. Bibi huyu hakuanza kwa upole. Alianza kwa kukemea, na kijana akajua hakika kwamba ametenda kosa. Wala hakujifanya malaika. Alimwambia kwamba yeye naye zamani alitamani vitu asivyoweza kuvipata, tena ametenda mambo asiyopenda kuyataja. Akumbukaye makosa yake mwenyewe aweza kumsamehe mwenziwe bila ya kumdharau. Tena si tajiri: afanya kazi katika duka la kuwapamba wanawake hotelini, na keki yake ni ya senti 10, nayo amkatia mgeni wake nusu.

Vitu vilivyotajwa navyo vina maana yake. Kijana huyu hana mtu nyumbani wa kumwambia anawe. Basi maji yale si ya kuondoa uchafu tu, ni mwanzo wa kurudishiwa heshima. Mlango umeachwa wazi, naye angeweza kukimbia. Zaidi ya hayo, mkoba ule ule alioutaka Bibi auacha kitandani, aenda nyuma ya pazia kupika, wala hamchungulii. Hapo ndipo penye kiini cha hadithi. Kijana hauugusi, ahamia upande wa pili wa chumba, mahali ambapo Bibi aweza kumwona, kwa kuwa sasa hapendi kudhaniwa vibaya. Fimbo yaweza kumzuia mtu asiibe leo. Kuaminiwa humfanya aone haya kuiba.

Wakati wa kuagana Bibi amwonya kwamba viatu vipatikanavyo kwa njia ya uovu huunguza miguu. Kijana ataka kusema neno kubwa zaidi ya asante, lakini ulimi ni mzito. Mlango wafungwa, wala hawaonani tena.

Samaki hukunjwa angali mbichi. Mzazi ambaye mwanawe ameshika njia mbaya mjini, na apime: je, kemeo lake humwachia mtoto mlango wa kurudia?