Chombo Kikitobolewa Hazami Mmoja

Kila sifa njema ni ya Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Aali zake, Masahaba zake na kila mwenye kuwafuata kwa wema mpaka Siku ya Malipo. Amma baad.

Tangu uchaguzi mkuu wa tarehe 29 Oktoba, 2025, swali moja limekuwa likiulizwa katika misikiti yetu ya Mwandiga na vijiji vya jirani, mara kwa sauti ya chini baada ya swala, mara waziwazi barazani: je, nchi hii itasimama? Katika siku zile watu waliuawa mijini, Dar es Salaam ikawekewa amri ya kutotoka nje usiku, na intaneti ikazimwa kwa siku kadhaa. Hata idadi ya waliopoteza maisha ikawa jambo la kubishaniwa baina ya Serikali, vyama vya upinzani na watetezi wa haki za binadamu. Waliokuwa na watoto vyuoni au ndugu kazini katika miji ile wanajua jinsi usiku ulivyokuwa mrefu.

Swali hilo si la kubezwa, wala anayeuliza si mchochezi. Nabii Ibrahim (A.S.) alipouombea mji wa Makka, alitanguliza kuomba amani, kisha ndipo akaomba riziki ya matunda. Katika Suratul-Quraysh, Allah (S.W.) anawakumbusha Makureshi neema mbili zinazowapasa wamwabudu kwa ajili yake: kulishwa baada ya njaa na kusalimishwa baada ya khofu. Kwa hiyo mwenye kuichelea amani ya nchi yake anachelea neema iliyotajwa ndani ya Qur'ani.

Tena kwetu sisi watu wa Kigoma, khofu hii haikutoka vitabuni. Hapa Mwandiga ndipo inapochepuka barabara ya kwenda Manyovu, mpakani mwa Burundi. Wazee wetu waliwapokea Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972. Mwaka 1993 walikuja wengine, baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa na wanajeshi tarehe 21 Oktoba, akiwa na miezi mitatu na siku chache tu madarakani. Mwaka 1996 Wakongo wakavuka Ziwa Tanganyika wakikimbia vita vya Zaire, na kambi ya Nyarugusu wilayani Kasulu ikafunguliwa kwa ajili yao. Mwaka 2015 makumi ya maelfu ya Warundi walirundikana katika kijiji kidogo cha Kagunga, kipindupindu kikawavamia, na meli ya Liemba ikawa inawasomba kuwaleta Kigoma. Na mwezi Januari 2025 tukasikia mji wa Goma umeangukia mikononi mwa M23. Ni watu wachache Tanzania wanaojua kama tujuavyo sisi jinsi dola inavyoanguka, kwa kuwa vifusi vyake vimekuwa vikituangukia mlangoni kwa zaidi ya miaka hamsini.

Basi na tuulize: dola hizo ziliangushwa na nini? Hazikuanguka kwa kukosa nguvu. Burundi ilikuwa na jeshi, na jeshi hilo hilo ndilo lililomuua rais aliyechaguliwa na wananchi katika uchaguzi wa kwanza wa urais wa vyama vingi. Risasi zile hazikumuua mtu mmoja tu, ziliua imani ya watu kwamba kura inaweza kuleta jambo, na vita vilivyofuata viliondoka na roho zinazokadiriwa kufikia laki tatu. Zaire nayo Mobutu aliitawala tangu 1965, mali ya umma ikawa mali ya nyumba yake, askari wakaachwa wajilipe wenyewe kwa kuwanyang'anya raia. Waasi walipoingia Kinshasa tarehe 17 Mei, 1997, hakupatikana wa kuifia dola ile. Nani ajitoe mhanga kwa ajili ya nyumba ambayo kwa miaka thelathini na miwili hakupewa hata kona ya kulala?

Mfano wa tatu ni wa Somalia, na hapa tunawaomba ndugu zetu wasikilize kwa makini. Wako miongoni mwetu wanaodhani kwamba tatizo la nchi zetu ni mchanganyiko wa dini na makabila, na kwamba laiti watu wote wangekuwa wa dini moja, mambo yangetengemaa yenyewe. Wasomali karibu wote ni Waislamu, na takriban wote lugha yao ni moja. Hata hivyo serikali ya Siad Barre ilipoanguka mwezi Januari 1991, ilianguka na nchi nzima, na Waislamu wakachinjana kwa koo. Jina la Uislamu peke yake halikuwazuilia kitu pale uadilifu ulipokosekana. Ndiyo maana Sheikhul-Islam Ibn Taymiyya, aliyefariki mwaka 728 Hijria (1328), alieleza kwamba Allah huisimamisha dola yenye uadilifu hata ikiwa ni ya makafiri, wala haisimamishi yenye dhulma hata ikiwa ya Waislamu. Mwanachuoni huyo aliyaandika hayo akiwa ameshuhudia uvamizi wa Wamongolia katika ardhi za Waislamu, naye mwenyewe alifungwa jela mara kadhaa. Hakuwa mtu wa kuzungumza fitna kwa kuisikia tu.

Tukirejea kwetu, historia inatupa sababu ya kutokata tamaa na sababu ya kutolala. Tarehe 20 Januari, 1964 askari wa Tanganyika Rifles waliasi, na kwa siku chache serikali changa ikawa haijulikani iko wapi. Haikuanguka, ila ilibidi kuomba msaada wa askari wa Uingereza, kisha jeshi likaundwa upya. Tarehe 26 na 27 Januari, 2001 damu ya raia ilimwagika Unguja na Pemba, na zaidi ya watu elfu mbili wakakimbilia Shimoni, nchini Kenya. Tanzania iliyozoea kupokea wakimbizi, safari hiyo ikawatoa. Jeraha lile halikuanza kufungwa kwa mabomu ya machozi. Lilianza kufungwa kwa watu kukaa chini na kuandikiana Muafaka mwezi Oktoba 2001, na hatimaye kwa kura ya maoni ya tarehe 31 Julai, 2010 iliyoruhusu Serikali ya Umoja wa Kitaifa Zanzibar. Na mwezi Machi 2021, Rais John Magufuli alipofariki huku uvumi umejaa kila pembe, Katiba ilifuatwa, na siku mbili baada ya kutangazwa kifo chake Makamu wake aliapishwa. Hapakuwa na bunduki. Nchi yetu si gilasi ya kuvunjika kwa mguso mmoja, lakini pia si chuma. Kila mara ilipookoka, iliokolewa na sheria iliyofuatwa au na mazungumzo yaliyofanyika.

Katika kadhia hii tunaona makundi mawili yamekosea njia. Kundi la kwanza linasema: nyamazeni, msije mkaiharibu amani. Kwao kila anayeuliza habari za aliyeuawa ni adui wa amani, na mifano ya Burundi na Kongo hutolewa ili kuwafumba watu midomo. Tunawaambia: mifano hiyo tunaijua kuliko ninyi, na funzo lake ni kinyume cha mnavyolitumia. Majirani zetu hawakuangamia kwa sababu watu walisema sana. Waliangamia kwa sababu dhulma iliachwa mpaka ikakosa mtu wa kuizuia kwa maneno. Kundi la pili linasema: na ichomwe yote, tuanze upya. Hao nao waende Nyarugusu wakawaulize wazee wenzao walioanza upya mara mbili na mara tatu katika umri mmoja. Al-Hasan bin Ali (R.A.) alikuwa na watu na alikuwa na haki, lakini mwaka 41 Hijria aliacha madaraka ili kuhifadhi damu za Waislamu, na mwaka ule ukaitwa Mwaka wa Jamaa. Mwenye haki anaweza kuidai haki yake bila kuifanya damu ya watu kuwa nauli ya safari yake.

Mtume (S.A.W.), katika Hadithi iliyopokewa na Imam Bukhari kutoka kwa Nu'man bin Bashir (R.A.), alitupigia mfano ambao mtu wa ziwani hahitaji kutafsiriwa. Watu walipiga kura ndani ya jahazi, wengine wakapata juu na wengine chini. Wa chini walipotaka maji iliwalazimu kupita kwa wa juu, wakaona bora watoboe tundu sehemu yao wasiwaudhi wenzao. Wakiachwa, wote wataangamia. Wakishikwa mikono, wote wataokoka.

Mfano huu huwa unasomwa kwa upande mmoja tu, kwamba wa chini washikwe mikono. Ni kweli washikwe. Lakini tuzingatie: wale wa chini walikuwa na kiu, na kiu haikuwa kosa lao. Anayewashika mikono bila kuwateremshia maji amelizuia tundu kwa leo tu, maana kesho kiu itarudi. Tena mbao za chombo hutobolewa kutoka pande zote. Anayechakachua kura ametoboa, hakimu anayeuza hukumu ametoboa, na askari anayempiga risasi asiye na silaha ametoboa, kama alivyotoboa kijana anayechoma duka la jirani yake. Kushika mkono wa mtoboaji ni wajibu, awe amekaa juu au chini, na kwa aliye juu mkono huo hushikwa kwa nasaha, kwa sheria na kwa neno la haki lisilo na matusi.

Kutokana na hayo, tunawausia ndugu zetu wa misikitini mambo manne.

Kwanza, tuzilinde ndimi zetu na simu zetu. Katika Suratun-Nisaa, aya ya 83, Allah (S.W.) anawalaumu watu ambao likiwafikia jambo la amani au la khofu hulitangaza papo hapo, kabla ya kulirejesha kwa wenye kuweza kulichunguza. Uvumi huchimba kaburi kabla ya maiti kupatikana. Na viongozi nao watambue kwamba wanapozima habari za kweli, wanaupa uvumi soko lote peke yake.

Pili, asili ya mtu isiwe silaha ya ugomvi. Katika mkoa huu neno "wewe si raia" limekuwa likitumika kumalizia kesi ya shamba, deni na hata ushindani wa kisiasa. Operesheni Kimbunga ya mwaka 2013 ilionyesha jinsi mtu aliyezaliwa na kuzeeka hapa anavyoweza kuingizwa katika kundi la wahamiaji haramu kwa neno la jirani. Kwa upande mwingine, mwaka 2014 Serikali hii hii ilikamilisha kuwapa uraia zaidi ya watu laki moja na sitini waliokuja kama wakimbizi wa 1972 na vizazi vyao, na nchi haikuzama kwa uzito wao. Fitna ya Burundi na Rwanda ilianza kwa kuulizana nani ni nani. Muislamu asiianze hapa.

Tatu, damu isifukiwe bila ya ukweli. Mwezi Novemba 2025 iliundwa tume ya kuchunguza matukio ya uchaguzi, ikiongozwa na Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman. Kipimo cha tume yoyote si uzuri wa jalada la ripoti yake. Kipimo ni mzazi kujua mwanawe aliuawa na nani, maiti kuzikwa na watu wake, na aliyeua, raia au askari, kuhukumiwa. Kudai hayo ni kuinusuru Serikali na dhulma yake yenyewe, nayo ni katika nusra aliyotuamrisha Mtume (S.A.W.) aliposema kwamba dhalimu naye hunusuriwa kwa kuzuiwa.

Nne, misikiti yetu ibaki kuwa pa kukimbilia. Mwaka 1994 Waislamu wengi wa Biryogo, mjini Kigali, waliwaficha majirani zao waliokuwa wakiwindwa, bila ya kuuliza kabila wala dini. Mimbari iliyokodishwa na chama, kitawalacho au kipingacho, haitaweza kuifanya kazi hiyo siku itakapohitajika, kwani nusu ya watu hawatauamini mlango wake.

Hatujui Allah ameiandikia nini nchi yetu. Tunalolijua ni kwamba hatutaulizwa kama dola ilisimama au ilianguka. Tutaulizwa tulikuwa tumeshika nini mikononi mwetu, patasi ya kutobolea au mkono wa mtoboaji.

Ewe Mola wetu, tusalimishie nchi yetu na nchi za majirani zetu. Wape viongozi wetu khofu ya kukuogopa Wewe kuliko khofu ya kuondoka madarakani, na wape raia subira isiyo unyonge. Warehemu waliouawa kwa dhulma, na uwape wafiwa haki yao hapa duniani kabla ya kesho Akhera. Aamin.

Wabillahi tawfiq.