Huruma Haina Kadi ya Mgao

"Watu wanakufa njaa, wewe unalilia mbwa?" Maneno haya utayasikia Mbarara mjini, magharibi mwa Uganda, na utayasikia Nakivale, kambi yetu ya wakimbizi, na kila anayeyatamka huyatamka kama mtu aliyekwisha kushinda kesi. Yamevaa nguo ya utu, ndiyo maana wengi wakiyasikia hunywea. Yanadai kwamba huruma hugawiwa kwa kikombe kama maharage ya mgao: ukimmiminia mbwa, umemwibia mtoto. Ni madai ya uongo, na anayefaidika nayo si mtoto mwenye njaa.

Nilikuwa kwenye zahanati moja ya mifugo mjini Mbarara, nikisubiri dawa ya minyoo ya mbuzi. Mji ule ni wa maziwa na ng'ombe, maduka ya dawa za mifugo yamejaa, na foleni haziishi. Ikaingia pikapu safi. Mwenyewe akashuka, akaenda nyuma, akavuta kamba. Hakumshusha mbwa wake, alimvuta. Mbwa akaangukia kifua, akajaribu kuinuka, miguu ya nyuma ikakataa. Alikuwa mzee: mdomo wote umeota mvi, jicho moja limefunikwa na mtoto wa jicho. Bwana yule akampiga teke la mbavu. "Simama, usinitie aibu."

Daktari alipotoka, akaambiwa: "Dokta, huyu hana kazi tena. Mwizi akija analala tu. Mpige sindano ya mwisho, mimi nina haraka."

Daktari akachuchumaa, akambonyeza nyonga taratibu, akatazama kucha zilizojikunja. "Mzee, huyu hajafika kufa. Viungo vinamuuma. Umekaa naye miaka mingapi?"

"Tangu binti yangu yuko shule ya msingi. Sasa amemaliza chuo."

Kwenye benchi alikuwepo mama mmoja mtu mzima, kuku wake wawili ndani ya kikapu. Akasema kwa upole: "Baba, mshike polepole. Naye anasikia maumivu." Kiswahili chake cha Kivu kikamtambulisha mara moja kuwa mkimbizi wa Kongo. Bwana akacheka. "Mama, huko kambini kwenu watoto hawana chakula, wewe unaona mbwa?"

Mama akamjibu: "Watoto wetu wana njaa, ndiyo. Lakini si huyu aliyekula posho yao."

Hapo ndipo hoja nzima ilipovunjika, na ni vizuri imevunjwa na mwenye njaa mwenyewe. Mwenye kutaja njaa ya Nakivale hakuwa mtu wa Nakivale. Alikuwa mtu mwenye gari, aliyekuwa na fedha ya sindano ya kuua na hakutaka hata kuulizia bei ya dawa ya maumivu. Njaa yetu aliiazima dakika moja tu, ajifunike nayo baada ya kumpiga mnyama teke mbele za watu.

Tuitaje njaa hiyo kwa ukweli wake basi. Mwaka 2023 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP, lilitupanga wakimbizi wa Uganda katika makundi matatu: wa kupata asilimia 60 ya mgao, wa kupata 30, na wa kutopata kitu kwa kuwa wamehesabiwa kuwa wanajiweza. Mei 2025 shirika hilohilo likatangaza kwamba watu milioni moja wameondolewa kwenye msaada wa chakula kwa sababu wafadhili wamepunguza fedha. Hakuna mbwa aliyekaa kwenye vikao hivyo. Tungewatupa mbwa wote wa wilaya ya Isingiro ziwani leo jioni, sufuria ya kesho isingeongezeka hata punje moja.

Tena anayedhani maskini hana nafasi ya mnyama hajawahi kulala kambini. Nenda Juru au Rubondo usiku wakati mahindi yanakaribia kukomaa, usikilize ni nani anayekesha. Ni mbwa. Analinda shamba na mbuzi, na analinda mlango wa mama anayelala peke yake na watoto. Mshahara wake ni ukoko wa posho na vichwa vya samaki wa ziwa. Familia hizo hazijasoma kitabu chochote cha haki za wanyama. Zinajua tu kwamba aliyekesha kwa ajili yako una deni naye.

Wengine wakishindwa kwa hoja ya njaa hukimbilia nyingine: mambo ya kubembeleza wanyama ni ya wazungu. Wayaseme hayo Ankole? Hapa wafugaji humpa ng'ombe jina lake na kumtungia sifa za kughanwa mbele ya wageni. Wanyarwanda waliofungua Nakivale, iliyoanzishwa mwaka 1958, walivuka mpaka wakiswaga ng'ombe wao katikati ya hatari, kwa kuwa hawakuona namna ya kuwaacha. Kwetu Kongo, wawindaji wa msituni humvisha mbwa njuga ya mti shingoni ili wasimpoteze, na wazungu walipompenda mbwa huyo asiyebweka walimchukua na kumwita Basenji. Katika hifadhi ya Virunga, askari wa wanyamapori wamefuata nyayo za majangili kwa pua za mbwa. Upole kwa mnyama hatukuletewa na meli. Kinachotufanya tuukane ni uvivu.

Na dini isisingiziwe. Waislamu wa madhehebu ya Shafi, wakiwemo Wasomali wengi wa Nakivale, wanayo hukumu ya mate ya mbwa: chombo huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Hiyo ni hukumu ya tohara. Si ruhusa ya kutesa. Dini hiyohiyo inasimulia habari ya mtu aliyeshuka kisimani akajaza maji kiatu chake ili amnyweshe mbwa mwenye kiu, na Mungu akamsamehe dhambi zake. Wakristo nao wakumbuke Lazaro alivyolala mlangoni pa tajiri: waliomsogelea walikuwa mbwa, tajiri alikuwa ndani anakula.

Lakini sumu yenyewe iko ndani ya maneno "hana kazi tena". Bwana yule hakusema mbwa anateseka, wala kwamba gharama zimemshinda. Alisema hana kazi. Ukikubali kwamba uhai hupimwa kwa kazi unayoitoa, huwezi kuchora mstari mbele ya mbwa ukasema kipimo kiishie hapo. Bibi asiyeona, kijana aliyekatwa mguu vitani, mgeni aliyefika jana na mfuko mmoja, wote watapita chini ya kipimo hichohicho. Sisi wakimbizi ndio tungepaswa kuwa watu wa mwisho kuyasema maneno hayo, maana tumekwisha kuwekwa kwenye safu za karatasi tukapimwa nani anafaa nini.

Sisemi mama aliyekosa unga anunue vidonge vya mbwa. Sehemu kubwa ya matunzo ya mbwa mzee haidai fedha. Meno yakichakaa, lowesha posho kwa maji au mchuzi wa samaki usio na chumvi nyingi. Mtandikie gunia kuukuu pakavu, kwa sababu sakafu baridi humzidishia maumivu ya viungo. Mtoe kupe kwa mkono. Asipokuona au kukusikia vizuri, muite kabla ya kumgusa. Mbwa wengi wazee wanaosemwa wamekuwa wakali wameshtuliwa tu, au wameguswa panapouma. Usimpe dawa zako za maumivu kwa kubahatisha: ibuprofeni inayomtuliza binadamu inaweza kumtoboa mbwa tumbo na kumharibu figo. Na ikifika siku ambayo daktari anasema hapana tena nafuu, sindano ya mwisho ni huruma. Sipingi sindano hiyo. Napinga kuifanya jalala la kutupia mtumishi aliyechoka.

Asiyeguswa na haya yote na ahesabu hasara. Mbwa anayetelekezwa huwa mbwa koko, hakuna wa kumpeleka chanjo tena, na hapo kichaa cha mbwa hupata njia. Ugonjwa huo huua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka, karibu wote kwa kung'atwa na mbwa, wengi wao wa Afrika na Asia, na watoto ni wengi miongoni mwao. Dalili zikishaonekana, tiba hakuna. Kuwaua mbwa ovyo hakujauzuia popote. Kinachouzuia ni kuchanja angalau asilimia 70 yao, na mbwa anayekubali kushikwa achanjwe ni yule mwenye mtu anayemwamini. Mtoto aking'atwa, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha akimbizwe kupata dozi za chanjo, ambazo ni ghali kuliko ile moja ya mbwa. Ukatili wa mwenye pikapu hulipiwa na mtoto anayetembea kwa miguu kwenda shule.

Sheria nayo ipo. Uganda ina sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama tangu kabla ya Uhuru wa 1962, na kumpiga mnyama teke kikatili ni kosa ndani yake. Kinachokosekana ni mtu wa kuitaja. Wenyeviti wa LC1, yaani wa mabaraza ya vijiji, na viongozi wa wakimbizi waisome kwa sauti siku za chanjo, watu wakiwa wamekusanyika na mbwa wao. Madaktari wa mifugo waibandike ukutani, juu ya benchi la kusubiria, na wawe na ujasiri wa kumwambia mteja mwenye fedha: hapa kwangu mnyama hapigwi. Na sisi tulio kwenye foleni, tukiambiwa kwamba kuna watu wenye njaa, tumuulize msemaji leo amemlisha nani, tusubiri jibu, na tusiondoe macho yetu kwenye mguu wake.