Mita Tano za Korido

Kwenye faili la hospitali, chini ya jina, kuna mahali pa kuandika umri. Ugomvi wangu unaanzia hapo.

Faili la bibi yangu limeandikwa miaka 82. Namba hiyo ilipatikana hivi: siku ya kuandikishwa kitambulisho, karani aliuliza mwaka wa kuzaliwa, bibi akajibu kwamba alikuwa tayari anatumwa kisimani wakati dada yake anaolewa Pangani, mjomba akapiga hesabu kwa vidole, na karani akaandika mwaka. Tarehe alimwekea 1 Julai, kwa kuwa fomu haikubali nafasi tupu. Wadogo zake wawili nao wamezaliwa 1 Julai. Kwa mujibu wa serikali, mama yao alikuwa na ratiba kali sana.

Miaka kadhaa baadaye daktari bingwa aliitazama namba hiyo hiyo, akatazama majibu ya kipimo cha moyo yaliyoonyesha kwamba valvu ya aota imekaza, kisha akaniambia mimi, siyo yeye: "Kwa umri huu, tumwache bibi apumzike." Bibi alikuwa ameketi pale pale, kanga imefungwa vizuri, anasikia kila neno. Asubuhi hiyo lifti ilikuwa mbovu na alikuwa amepanda ngazi kwa miguu yake mwenyewe, polepole, akisimama kwenye kila kona kuvuta pumzi. Hakuna aliyemwomba asimame. Hakuna aliyemwomba atembee. Hakuna aliyemuuliza anaishije.

Sidai kwamba bibi alistahili kupasuliwa. Huenda mwili wake usingehimili. Ninachodai ni kwamba siku ile hakuna aliyeuchunguza mwili huo, na uamuzi uliotolewa kwa sauti ya kitabibu ulitokana na vidole vya mjomba.

Kazi yangu ni fiziotherapia, kwa hiyo nimeuona pia upande wa pili, na ndio unaoninyima usingizi zaidi. Mzee mmoja, mwalimu mstaafu, faili lake lilisema 64. Mishipa ya moyo ilikuwa imeziba, umri si mkubwa, hakuna aliyesita: apandikizwe mishipa. Nilimwona siku moja kabla, nilipokwenda kumfundisha kukohoa na kuvuta pumzi ndefu. Mkanda wake ulikuwa umetobolewa matundu mawili mapya kwa msumari. Ili ainuke kitandani alijisukuma kwa mikono yote miwili, akapumzika ukingoni, akajisukuma tena. Nilimwambia anibane mkono kwa nguvu zake zote, nikawa nasubiri abane, kumbe ameshabana.

Niliyaona yote hayo, nikaandika kwenye faili: "Amefundishwa mazoezi ya kupumua." Basi. Mimi ni mtu wa mazoezi, orodha ya chumba cha upasuaji ilikuwa imeshabandikwa, na sikutaka kuulizwa nani ameniomba maoni.

Upasuaji ulifanikiwa. Ndivyo ilivyoandikwa, na ilikuwa kweli: mishipa ilishika, moyo ukapiga vizuri. Mzee alikaa kwenye mashine ya kupumulia kwa siku nyingi, akatoka chumba cha wagonjwa mahututi akiwa hawezi kukaa bila kuegemezwa, akarudi nyumbani akiwa amebebwa. Mke wake, naye si kijana, ndiye anayemgeuza kitandani. Aliwahi kunipigia simu kuuliza dawa ya vidonda vya mgongoni. Katika hesabu za wodi, mume wake ni mmoja wa waliopona.

Sasa, kitu alichokuwa nacho mwalimu kina jina na kimechunguzwa kwa miaka mingi. Mimi nakiita udhoofu. Mtaani tunasema mzee "amechoka", na tunajua vizuri kwamba kuna wazee na kuna wazee waliochoka. Ni kuisha kwa akiba. Mwili wa mtu mwenye afya huwa na ziada kwenye misuli, damu, mapafu na akili, na ziada hiyo ndiyo inayotumika siku ya msiba. Kufunguliwa kifua, moyo kusimamishwa na damu kuzungushwa na mashine ni msiba wa makusudi. Aliye na akiba hulipa gharama hiyo akabaki na kitu. Asiye nayo hulipa kwa miguu yake, kwa kumbukumbu zake, wakati mwingine kwa uhai.

Mwaka 2001 Linda Fried na wenzake nchini Marekani walitaja alama tano: kupungua uzito bila kukusudia, kujisikia umechoka daima, mkono kukosa nguvu ya kubana, mwendo wa polepole, na kupungua kwa shughuli za kila siku. Tatu zikikutana, mtu huyo ni dhoofu. Hebu mrudie mwalimu wangu. Mkanda, mkono, namna ya kuinuka. Alama zilikuwa zimening'inia mwilini mwake kama nguo kwenye kamba.

Kuna kipimo kimoja ambacho hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaweza kukifanya. Mgonjwa anatembea mita tano kwa mwendo wake wa kawaida, wewe umeshika saa. Katika utafiti wa Jonathan Afilalo na wenzake uliochapishwa 2010, wagonjwa 131 wenye umri wa miaka 70 na kuendelea walipimwa hivyo kabla ya upasuaji wa moyo. Waliotumia sekunde 6 au zaidi walikuwa na hatari takriban mara tatu ya kufa au kupata madhara makubwa. Mwaka 2017 Afilalo alirudi na kipimo kingine, safari hii kwa wagonjwa 1,020 waliokuwa wakibadilishiwa valvu ya aota: kuinuka kwenye kiti mara tano bila kutumia mikono, maswali mafupi ya kumbukumbu, wingi wa damu, na albumini. Kiti tunacho. Maswali hayauzwi. Damu tunaitoa kila siku.

Kinachotumika badala yake ni fomula za kukadiria hatari, na hapo nina neno. EuroSCORE II, iliyotoka 2012 na kutumika sehemu nyingi duniani, inauliza umri, figo, mapafu, na pia kama mgonjwa ana shida kubwa ya kutembea. Lakini shida hiyo lazima iwe ya mifupa, misuli au neva. Mzee anayeburuta miguu kwa sababu tu mwili wake umeisha hana kisanduku chake. Fomula inamwona mzima.

Wenzangu wananijibu kwamba foleni ni ndefu. Nilipima korido ya wodi kwa tepu ya fundi seremala, nikabandika vipande viwili vya plasta sakafuni, mita tano. Mgonjwa wa polepole kuliko wote niliowahi kumpima hakufikisha sekunde 20. Tunatumia muda mrefu zaidi kutafuta kalamu.

Wengine wanasema jambo la maana zaidi, kwamba moyo wenyewe ndio unaomfanya mgonjwa atembee polepole, hivyo ukimnyima upasuaji kwa sababu ya mwendo umemwadhibu kwa ugonjwa uliomleta. Nakubali, na ndiyo maana naiogopa siku ambayo kipimo hiki kitageuzwa kuwa lango jipya, sekunde zikachukua nafasi ya miaka. Sekunde saba zinapaswa kuanzisha mazungumzo. Je, huyu atanufaika kwa valvu inayopitishwa kwenye mshipa wa paja bila kufungua kifua, kama Alain Cribier alivyofanya kwa mara ya kwanza huko Rouen mwaka 2002? (Mgonjwa yule wa kwanza, ambaye wapasuaji walikuwa wamekataa kumfungua, alikuwa na miaka 57. Umri wake haukumsaidia chochote.) Je, tuna wiki chache za kumlisha mayai, dagaa na maharage, kutibu upungufu wa damu, kumfanyisha zoezi la kukaa na kusimama chini ya uangalizi? Au tumwambie ukweli yeye na watoto wake, kwamba anaweza kutoka chumba cha upasuaji akiwa hai na asisimame tena?

Swali hilo la mwisho ndilo tunalolikimbia. Watoto huuliza, "Atapona?" Daktari hujibu kwa asilimia. Mgonjwa, ukibaki naye peke yake, huuliza mengine kabisa. Mwalimu aliniuliza kama ataweza kwenda msikitini alfajiri bila kushikwa mkono. Nilimwambia afanye mazoezi ya kupumua, Mungu akipenda ataweza. Nilikuwa nimeshaushika mkono wake. Nilijua. Najilaumu kwa hilo kuliko ninavyomlaumu daktari aliyesoma namba ya bibi, maana yeye hakuangalia, mimi niliangalia nikanyamaza.

Bibi nilimpima mwenyewe, uani, Jumapili moja baada ya chai. Nilimweleza sababu. Akauliza kama ashindane na nani. Mara ya kwanza alitembea mbio za kunionyesha, nikamwambia arudie kwa mwendo wa kwenda kwa jirani. Sekunde 5.1. Kwenye kiti aliinuka mara tano mikono imekunjwa kifuani, akahema, akasema kiti chenyewe ni kifupi. Damu ilikuwa imepungua kidogo, tukaanza dawa. Albumini haikuwa imewahi kupimwa. Kisha nikamuuliza anachotaka, nikitarajia aniambie yeye ameshazeeka. Akasema anataka kupanda ngazi bila kusimama kwenye kona kama mwizi anayesikilizia, na kwamba akifungwa kitandani miezi mitatu afadhali tumwache alivyo. Nilimwomba arudie, nikayaandika kama alivyosema.

Tumepata miadi kwenye hospitali nyingine. Faili jipya, mapokezi mapya, karani akanakili kutoka kwenye kitambulisho: 82. Tulipoketi kwenye benchi nilitoa kalamu, nikaandika pembeni ya umri: mita 5, sekunde 5.1, kiti mara 5, sekunde 13. Muuguzi alipolichukua faili alisimama, akasoma, akaniuliza hizi namba ni za nini.

"Muulize mwenyewe," nikamwambia.

Akamgeukia bibi. "Shikamoo bibi."

"Marahaba, mwanangu. Unataka nitembee?"