Mshika Mfuko na Wenye Mfuko

Hakuna kiti kigumu serikalini kama kiti cha Waziri wa Fedha. Mwaka wa neema sifa humwendea Rais, na mwaka wa dhiki lawama humwangukia mshika mfuko. Jambo hili limedhihirika mara nyingi katika Ghana tangu nchi hiyo ipate uhuru mwaka 1957, nasi tunaona historia yake inafaa kuzingatiwa na raia na watumishi wa serikali pia.

Bwana Komla Agbeli Gbedemah alikabidhiwa wizara hiyo mwaka 1954, nchi ilipokuwa na akiba kubwa iliyotokana na kakao. Mwaka 1961 aliondolewa katika wizara, na bajeti ya Julai ikasomwa na mrithi wake. Bajeti hiyo iliwalazimisha wafanyakazi kuikopesha serikali asilimia 5 ya mishahara yao. Septemba, wafanyakazi wa reli na bandari wa Sekondi-Takoradi waligoma, na viongozi wao wakatiwa kizuizini. Gbedemah naye, akiwa amekwisha kukosana na Rais Nkrumah, akaihama nchi.

Dakta Kwesi Botchwey, aliyepata kufundisha katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, hakurithi akiba yoyote. Alishika wizara mwaka 1982 chini ya serikali ya kijeshi ya Rawlings. Mwaka uliofuata ulileta ukame, moto wa misitu, na Waghana wapatao milioni moja waliofukuzwa Nigeria. Msomi huyo wa mrengo wa kushoto alilazimika kubisha hodi kwa Shirika la Fedha la Kimataifa na kuishusha mno thamani ya sedi. Uchumi ulianza kuinuka, ingawa wananchi walilipia kwa jasho.

Lakini wakati ule hapakuwa na Bunge la kumhoji. Baada ya Katiba ya 1992 mambo yalibadilika. Machi 1995 serikali ilianzisha kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 17.5. Bei zikapanda, na Mei umati ukajaa mitaani Accra katika maandamano yaliyoitwa Kume Preko. Watu kadhaa waliuawa. Kodi ikaondolewa, na mwaka huohuo Botchwey akajiuzulu baada ya miaka 13.

Ajabu ni kwamba kodi hiyohiyo ilirudi mwishoni mwa 1998, nayo ikadumu. Ni kweli kwamba kiwango kilishushwa hadi asilimia 10. Lakini safari hii wananchi na wafanyabiashara walielimishwa kwanza, wakajua wanatozwa nini na kwa sababu gani. Manung'uniko yalikuwapo, ila hayakuwa tena ya mtu aliyestukizwa.

Kwa masikitiko, somo hilo lilisahauliwa. Desemba 2021 wabunge wa Ghana walishikana mashati juu ya tozo ya kutuma fedha kwa simu. Waziri Ken Ofori-Atta aliishikilia, na Mei 2022 ikaanza kwa asilimia 1.5. Kabla mwaka haujaisha mfumuko wa bei ulivuka asilimia 54, na serikali ikasimamisha malipo ya sehemu kubwa ya madeni yake ya nje. Hoja ya kumwondoa Waziri ilishindwa kupata theluthi mbili za kura. Tozo yenyewe ilifutwa mwaka 2025. Sisi tunaokumbuka tozo ya miamala ya mwaka 2021 hapa Tanzania, na jinsi ilivyopunguzwa baada ya malalamiko, hatuhitaji mkalimani.

Hatusemi kwamba serikali isitoze kodi. Hospitali na shule haziendeshwi kwa dua peke yake. Tunachosema ni kwamba Waziri wa Fedha ana kazi mbili: kuhesabu na kushawishi. Anayejua hesabu tu, bajeti yake husomwa vizuri barazani ikakataliwa sokoni. Ni wajibu wa wataalamu wa wizara kumwambia mkubwa wao, kabla ya siku ya bajeti, kile wasichotaka kumwambia. Na ni wajibu wake kuwaeleza wananchi kabla ya kuwatoza, kwani mfuko anaoushika si wake, ni wao.