Daftari la Wiki: Saini ya Nani, Wapi, Lini

Wiki ya fainali imeingia, na hapa Footscray, magharibi mwa jiji la Melbourne, hata wauza samaki sokoni wamejifunga skafu za timu zao. Mchezo wenyewe ni mpira wa Kiaustralia, ambao wenyeji huuita futi, neno ambalo kwetu ni kipimo cha mbao na kamba. Mpira una umbo la yai, uwanja ni mviringo mrefu, kila timu huingiza watu 18, na kila upande pana nguzo nne. Ukiupiga mpira ukapita kati ya zile mbili za katikati umepata pointi 6. Ukipita kati ya hizo na zile za pembeni, pointi 1. Kwa kawaida fainali kuu huchezwa Jumamosi ya mwisho ya Septemba kwenye uwanja wa MCG, unaobeba watu wapatao laki moja, na tangu 2015 Ijumaa inayotangulia ni siku ya mapumziko kwa jimbo zima la Victoria.

Mimi ni mkusanyaji, na macho yangu wiki hii yako kwenye kile kitakachofuata king'ora cha mwisho. Jasho la mabingwa litakuwa halijakauka, na tayari matangazo yatakuwa yameanza: jezi yenye saini za kikosi kizima, picha ya nahodha akiinua kombe, mpira wenye saini ya mchezaji bora wa fainali. Kila kimoja kimo ndani ya fremu nyeusi yenye kioo, kina kibandiko kinachometameta chenye namba, na kina cheti. Pembeni pameandikwa kwa mkono, tuseme, 112/500, yaani hiki ni cha 112 kati ya 500 na hakitatengenezwa kingine zaidi ya hapo.

Namba hiyo ni ya kweli, nami sina ugomvi na wanaoiandika. Ila mnunuzi aisome vizuri. Jezi ina kikomo chake, picha ina kikomo chake, mpira una wake, bango lina lake. Kwenye picha za kuchapwa huwa pia kuna nakala za msanii, ambazo hazimo katika hesabu ile. Ukizijumlisha zote, ushindi wa alasiri moja umezaa rundo kubwa la vitu ambavyo kila kimoja kinaitwa adimu. Na kwa kuwa kila aliyenunua amekiweka kwenye fremu na kukilinda, miaka 30 ijayo vyote vitakuwa bado vipo.

*

Uadimu wa kweli huletwa na watu kutupa vitu. Mwaka 1954 timu ya mtaa huu, Footscray, ilitwaa ubingwa wake wa kwanza wa ligi kuu, na mchora katuni wa gazeti la The Herald, William Ellis Green, aliyetia saini kazi zake kwa jina la Weg, akachora bango la kusherehekea. Liliuzwa kwa bei ya karatasi. Watu wakalibandika kwenye milango ya jokofu, gereji na vyumba vya watoto, jua likalichoma, gundi ikalirarua, nyumba zikahamwa. Weg aliendelea kuchora bango la mabingwa mwaka baada ya mwaka hadi 2008, mwaka aliofariki, na mauzo ya mabango hayo yakawa yanachangia hospitali ya watoto ya jiji hili. Leo bango halisi la 1954, lisilo nakala ya kuchapwa upya, likionekana mnadani chumba kizima hunyamaza.

Ndivyo ilivyo pia kwa Football Record, kijarida cha siku ya mechi kinachouzwa viwanjani tangu 1912, na kwa kadi za kampuni ya Scanlens zilizoanza 1963, ambazo watoto walizipata pamoja na bigijii. Waliozinunua walitaka kutafuna bigijii na kujua nani anacheza na nani. Hakuna aliyewaambia wahifadhi kitu. Zilizobaki zimebaki kwa sababu mama fulani hakuwa na moyo wa kutupa sanduku la mwanawe, na mimi mama huyo namheshimu kuliko cheti chochote.

*

Jumanne nilikwenda duka la fremu kuchukua jezi yangu, na kumbukumbu chungu ikanirudia. Ni katika duka hilihili, miaka minne iliyopita, nilipopeleka picha niliyonunua kwa muuzaji mmoja kwa fedha niliyoidunduliza miezi saba. Ilikuwa picha ya fainali ya 1970, yenye saini ya Alex Jesaulenko chini kulia. Kijana wa dukani, mzaliwa wa Kigoma aliyekulia hapa, aliiweka chini ya taa, akaichungulia kwa kioo cha kukuzia, akanyamaza kidogo.

"Mjomba," akasema, "uliinunua kama saini ya mkono?"

"Ndiyo. Cheti chake hiki hapa."

"Basi njoo uangalie mwenyewe."

Nikaangalia. Mstari wa saini ulikuwa umejengwa kwa vinukta vidogo, sawa na vinukta vilivyojenga nyasi za uwanja. Saini ilichapwa pamoja na picha. Cheti kilikuwa kipande cha karatasi chenye muhuri mzuri, kilichothibitisha tu kwamba aliyekitengeneza alikuwa na mashine ya kuchapia.

Siku ile alinifundisha mambo ambayo nimeyashika mpaka leo. Wino wa maka peni hulala juu ya karatasi. Ukiinamisha picha kwenye mwanga, unang'aa tofauti na pale pasipo wino. Mkono wa mtu hukaza mwanzo wa herufi na kulegea mwishoni, na pale mstari unapoukata mstari mwingine utaona upi ulitangulia. Saini mbili za mtu mmoja hazilingani kabisa. Ukipata mbili zinazofunikana nywele kwa nywele, moja au zote ni za mashine. Kwa jezi, tazama wino ulivyoingia kwenye nyuzi. Na kibandiko chenye namba kinapaswa kusema namba ileile iliyo kwenye cheti, jambo dogo ambalo wanunuzi wengi hawalikagui kwa furaha ya kubeba fremu nyumbani.

Kuhusu kutunza alikuwa mkali zaidi. Jezi ishonwe kwenye ubao kwa uzi, isigundishwe. Ubao uwe usio na asidi, kwani ule wa bei rahisi huigeuza karatasi kuwa ya manjano. Kioo kiwe cha kuzuia miale ya jua, na hata hivyo fremu isitazame dirisha, maana buluu na nyekundu za maka peni hufifia upesi. Jezi iliyovaliwa mchezoni isifuliwe kamwe. Tope na jasho ndio ushahidi wake.

Fedha yangu sikurudishiwa. Picha ninayo bado, nimeitoa kwenye ile fremu, na naipenda.

*

Naipenda kwa kinachoonekana ndani yake. Fainali ile ya 1970 kati ya Carlton na Collingwood iliingiza watazamaji 121,696, na hakuna mechi ya mchezo huu iliyowahi kuifikia. Carlton walikuwa nyuma kwa pointi 44 wakati wa mapumziko, wakashinda kwa 10. Katika robo ya pili kati ya robo nne za mchezo mpira ulipigwa juu, Jesaulenko akaruka nyuma ya Graeme Jenkin wa Collingwood, akampanda mabegani na kuudaka huko hewani. Leo medali ya mdako bora wa mwaka ina jina la Jesaulenko. Lakini mimi humtazama zaidi Jenkin, aliyeinamisha shingo chini ya magoti ya mwenzake. Alifanya kazi yake, akasimama mahali alipotakiwa kusimama, na tangu siku hiyo yumo katika kila nakala ya sifa ya mtu mwingine. Picha haikamiliki bila yeye.

Jesaulenko mwenyewe alizaliwa Salzburg, Austria, mwaka 1945, baba Muukraine na mama Mrusi, watu waliotawanywa na vita. Aliletwa Australia akiwa mtoto wa miaka michache. Nitarudi kwenye hilo.

*

Kuna picha moja ambayo sitaki kuiona imetundikwa kama pambo la baa. Tarehe 17 Aprili 1993, kwenye uwanja wa Victoria Park, Nicky Winmar wa St Kilda, mwana wa Wanoongar wa Australia Magharibi, alitukanwa rangi yake na mashabiki wa Collingwood mchana kutwa. Timu yake iliposhinda aliwageukia, akainua jezi, akaonyesha kwa kidole ngozi ya tumbo lake. Wapiga picha wawili, Wayne Ludbey na John Feder, walikuwa wameelekeza kamera zao kwake. Miaka miwili baadaye ligi iliweka kanuni dhidi ya matusi ya rangi, na mwaka 2019 sanamu ya Winmar katika mkao uleule ilizinduliwa nje ya uwanja mkubwa wa Perth.

Picha hiyo yenye saini ya Winmar inauzwa, na ni haki yake kuiuza. Tukio ni lake na ngozi ni yake. Ninalotaka ni kwamba anayeitundika awe tayari kumweleza kila mtoto atakayeuliza kwa nini yule mjomba ameinua jezi. Asiyeweza kulieleza ampe nafasi mwingine ainunue.

*

Alhamisi, ndani ya treni, nilimwona mzee mwenye beji ya Fitzroy kwenye kola ya koti. Fitzroy ni klabu iliyoanzishwa 1883, ikawa bingwa mara 8, ikaishiwa fedha, ikacheza mechi yake ya mwisho tarehe 1 Septemba 1996 huko Perth dhidi ya Fremantle, kisha ikaunganishwa na Brisbane Bears kuzaa Brisbane Lions. Jezi yenye saini za wachezaji wa Fitzroy haihitaji mtu wa kuiwekea kikomo. Kila mwaka waliobaki wanapungua.

*

Na mtaani kwetu kuna hadithi ya medali. Footscray, ambao siku hizi wanaitwa Western Bulldogs, walingoja miaka 62 baada ya ule ubingwa wa bango la Weg, hadi tarehe 1 Oktoba 2016 walipoifunga Sydney kwa pointi 22. Nahodha wao, Bob Murphy, alikuwa ameumia goti tangu Aprili na hakucheza. Kocha Luke Beveridge alipopewa medali ya Jock McHale, ambayo hupewa kocha wa mabingwa, alimwita Murphy jukwaani akamvika yeye. Wazee wa mtaa huu walilia hadharani. Baadaye Murphy aliirudisha, maana aliona si yake. Vitu vya ubingwa ule vyenye saini na namba utavikuta kwenye maduka na nyumba nyingi za hapa, nami ninacho kimoja. Lakini ukimuuliza mtu wa Footscray kuhusu 2016, ataanza na medali iliyotolewa ikarudishwa.

*

Jana nilikwenda kunyoa. Kinyozi wangu ni Mkongo aliyeishi Kakuma miaka kadhaa kabla ya kufika huku, na juu ya kioo chake pana kofia iliyofifia yenye saini ya maka peni nyeusi. Nilikuwa nimeiona mara nyingi bila kuuliza. Jana niliuliza. Saini ni ya Aliir Aliir.

Msomaji wa nyumbani anapaswa kulijua jina hili. Aliir alizaliwa 1994 katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, kaskazini magharibi mwa Kenya, kwa wazazi kutoka Sudan Kusini. Alifika Australia akiwa mtoto, akajifunza mchezo huu uliokuwa mgeni kwake kabisa, akaanza kuichezea Sydney katika ligi kuu mwaka 2016, akahamia Port Adelaide, na mwaka 2021 akateuliwa katika kikosi bora cha nchi nzima. Salzburg na Kakuma ziko mbali sana, na miaka imepita mingi kati ya Jesaulenko na Aliir, lakini mchezo huu umepata nyota wawili kutoka kwa watoto ambao vita viliwatoa wazazi wao makwao.

Kofia haina cheti wala namba. Mwana wa kinyozi aliinyoosha juu ya uzio baada ya mechi, Aliir akaisaini, wakasemezana maneno mawili matatu. Nikamwuliza kinyozi kama angekubali kuiuza.

"Hii siuzi, mzee. Yule alizaliwa pale tulipopanga foleni ya maji."

Nikamwuliza ilikuwa mechi gani, mwaka gani. Hakukumbuka. Akampigia simu mkewe, naye akasema ni mwaka ambao binti yao mdogo alianza shule. Mtoto mwenyewe akasema mvua ilinyesha. Tulichukua dakika kumi kuipata tarehe, tukaiandika kwa penseli kwenye kitambaa cha ndani cha kofia, pamoja na jina la mtoto na jina la uwanja.

Kama nawe una jezi, mpira, picha au hata kipande cha karatasi chenye saini kimelala sandukuni, kitoe leo. Andika nyuma yake kwa penseli nani alisaini, wapi, lini, na nani alikuwepo, wakati bado kuna mtu wa kukukumbusha.