Lugha ya steji haikaririwi

Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani Bukura, na binti wa ndugu yangu, aliye Kidato cha Nne, akaniletea daftari lake la isimujamii. Alikuwa ameandika kwa hati safi: "Sifa za sajili ya matatuni: sentensi fupi, kuchanganya ndimi, chuku, msamiati maalumu, matusi." Nikamwuliza ni lini mara ya mwisho alipoisikia chuku steji. Alinitazama kana kwamba nimemwuliza habari za mwezini. Msichana huyu hupanda matatu kwenda Kakamega kila muhula, na hajawahi kudhani kwamba yale yaliyomo daftarini na yale yanayopigiwa kelele mlangoni mwa gari ni jambo moja.

Simlaumu. Katika karatasi ya pili ya KCSE, isimujamii hutengewa alama 10, na mwalimu mwenye wanafunzi 60 darasani hutafuta njia ya mkato. Hata hivyo, msomaji mpenzi, mimi Kiswahili nilikipata steji, na ndiyo maana jambo hili linaniuma.

Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, Kiswahili kilifanywa somo la lazima lenye kutahiniwa. Mimi niliingia darasa la kwanza muda mfupi baadaye. Katika shule niliyosoma, mtoto aliyesikika akisema Lutsotso alivishwa kibao shingoni, akakaa nacho hadi amnase mwenziwe. Kwa hiyo wengi wetu tulichagua kunyamaza. Kiswahili chetu kilikuwa cha ubaoni: mtu fulani ana kikombe, vikombe viko mezani. Hapakuwa na yeyote aliyekihitaji kikombe hicho.

Kila Desemba nyanya alinichukua kwenda Nairobi kwa mjomba aliyeishi mtaa wa Kaloleni. Safari ilianzia steji ya Kakamega. Mabasi ya siku hizo yalikuwa na keria juu ya paa na ngazi nyuma, na utingo alipanda na gunia la mahindi begani, kuku wamening'inia mkono wa pili, huku akijibizana na watu watatu. Manamba alisimama mlangoni. Kwa nyanya alisema, "Kukhu, mulembe! Njoo ukae hapa mbele." Kwa bwana mwenye tai, sauti ilishuka: "Mwalimu, nafasi yako hii hapa." Kwa vijana: "Panda, panda, twende!" Halafu akaugeukia umati: "Wawili tu! Wawili twende!" Nami nilichungulia dirishani nikaona nusu ya viti ni vitupu, na miongoni mwa waliokaa wamo wenzake manamba waliojifanya abiria. Hiyo ndiyo chuku. Sikuwa na jina lake, lakini nilijua kabisa kazi yake, na nilijua pia kwamba yule mtu amebadili lugha mara tatu kabla sijamaliza ndizi yangu.

Tulisafiri kupitia Kisumu, Kericho na Nakuru, tukashuka kituo cha mabasi ya mashambani cha Machakos, ambacho watu wa Nairobi walikitania kwa kukiita "Machakos Airport". Pale Lutsotso lilikwisha. Nyanya, asiyejua kusoma, aliuliza njia kwa Kiswahili cha kuokota, akajibiwa na Mkamba kwa Kiswahili cha namna nyingine, wakaelewana vizuri sana. Kisha tukapanda basi la Kenya Bus, kampuni iliyoanza mwaka 1934, kuelekea Barabara ya Jogoo. Nambari za njia za mabasi hayo zimedumu: hata leo matatu ya Kawangware ni 46 na ya Ngong ni 111, na mtu akikuambia anaishi 46 humwulizi maana yake.

Nilipokwenda chuo kikuu ndipo nilipotambua utajiri niliokuwa nimeukalia. Manamba walikuwa wafanyakazi wa kandarasi katika mashamba ya mkonge ya Tanganyika, kila mmoja akijulikana kwa namba yake. Neno likavuka mpaka na kuhamia mlangoni mwa gari. Matatu ni zile sarafu tatu za senti kumi zilizokuwa nauli. Kivumishi kimemwacha nomino wake njiani, ndiyo sababu twasema "matatu hii" wala si "matatu haya". Basi nalo limetokana na mkia wa neno la Kilatini "omnibus", yaani kwa wote, lililopewa magari ya abiria huko Ufaransa miaka ya 1820. Mwanafunzi akiambiwa haya hasahau.

Wala sisemi kwamba steji ni pepo. Nyanya huyo huyo aliwahi kutukanwa mbele yangu kwa kuchelewa kushuka. Novemba 2014 wanawake waliandamana jijini Nairobi baada ya mwenzao kuvuliwa nguo hadharani kituoni. Yale "matusi" ya daftarini yana mtu anayetukanwa, na darasa linaloyapitia kama nukta ya tano katika orodha halijafundisha kitu.

Ninachowaomba walimu wenzangu ni kidogo. Alasiri moja kwa muhula, wapeni wanafunzi kalamu na karatasi, wakae steji iliyo karibu, waandike nani amesema nini kwa nani. Hakuna nauli wala kitabu cha kununua.

Nasi tulifanya hivyo. Jumamosi nilimpeleka binti yetu Kakamega, tukakaa saa nzima kwenye benchi la mwuza chai. Aliandika kurasa nne. Kisha akanionyesha mstari mmoja akicheka: kondakta alikuwa amemwita yeye "sista", na mimi "mzee". Akaniuliza sababu. Nilimwambia aiandike kwanza, tutaijadili nyumbani.